Nibadilishie Jina Tu, Vingine Viache Kama Vilivyo

Niliyasema haya Jumamosi moja asubuhi, Dar es Salaam, mbele ya waandishi wa programu na wanafunzi wa kompyuta. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeruka tu pale projekta ilipotuzimikia tukabaki tunatazamana.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za asubuhi.

Kabla sijaanza kulipwa kwa kuandika msimbo (wengine mnasema kodi, nami naliogopa neno hilo kwa sababu mama yangu akilisikia anadhani nimeajiriwa TRA) nilikaa miaka miwili kwenye steshenari ya mjomba wangu, Tanga. Mnazijua hizi: mashine ya fotokopi mlangoni, kompyuta mbili, bahasha za kaki, na foleni ya watu ambao wote wana haraka. Ombi lililokuja kuliko mengine yote lilikuwa hili. Mtu anakupa flashi, au anakurushia faili kwa WhatsApp, halafu anasema, "Kaka, humu nibadilishie jina tu, vingine viache kama vilivyo."

Nimekuja kulizungumzia hilo "tu".

Siku hizi sibadilishi jina moja moja kwa mkono. Naandika programu zinazopita kwenye mamia ya mafaili kwa mpigo: ankara, barua za ajira, vyeti, mikataba ya pango. Lakini ombi ni lile lile la Tanga. Mteja anataka kitu kimoja kibadilike, na asiweze kuonyesha kwa kidole ni wapi kimebadilika. PDF haikuumbwa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa Adobe, aliandika maelezo mafupi ya mradi aliouita Camelot. Kilichokuwa kinamkera ni kwamba waraka ukitoka kompyuta hii kwenda ile, au ukipelekwa printa nyingine, unafika umevurugika. Alitaka uonekane vile vile popote uendapo. PDF ikatoka mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Sasa sikilizeni alichokitaka: uonekane. Kubadilika hakukuwamo. Faili la Word hukumbuka aya, vichwa vya habari na safu za jedwali, kwa hiyo ukiongeza neno, yanayofuata yanasogea kupisha. PDF ya kawaida haijui aya. Haijui mstari. Mara nyingi haijui hata neno. Inachokijua ni amri za kuchora: shika fonti hii, kwa ukubwa huu, nenda mahali hapa kwenye karatasi, weka maumbo haya.

Chukueni kanga. Ina pindo, ina mji, na chini kuna jina. Jina la kanga linasomeka, na watu wamesutana kwalo mpaka wakagombana, lakini kitambaa chenyewe hakijui kimeandikwa nini. Kina rangi mahali. Ukitaka jina la kanga iliyokwisha kupigwa chapa lisomeke vingine, huwezi kulihariri. Utaondoa rangi, utapaka upya, na kazi yako itapimwa kwa kama nyuzi za chini zimepauka.

Tazameni hapa ukutani. Hiki ni kipande cha cheti, nimekifungua kisomeke:

BT
/F1 28 Tf
389.1 300 Td
(Asha) Tj
ET

Mistari mitano tu. Wa kwanza unasema maandishi yanaanza. Wa pili unashika fonti iliyobatizwa F1, ukubwa wa pointi 28 (pointi 72 ni inchi moja). Wa tatu unakwenda pointi 389.1 kutoka kushoto na 300 kutoka chini. Kutoka chini, jamani. PDF inahesabu kuanzia pembe ya chini kushoto kama tulivyochora grafu shuleni, ilhali baadhi ya maktaba za kuhariri, yaani vifurushi vya msimbo uliokwisha kuandikwa, huhesabu kuanzia juu. Nimeshamwona mtu akiandika tarehe kwa uangalifu mkubwa, ikatokea kichwa cha ukurasa badala ya miguuni. Wa nne unachora jina. Wa tano unafunga.

Mnaona mahali popote palipoandikwa "weka jina hili katikati"? Hapapo. Cheti hiki ni A4 iliyolazwa, upana wake pointi 842. Jina liko katikati kwa sababu programu iliyolitengeneza ilipiga hesabu, ikaandika jibu, ikatupa hesabu. Sasa tuifufue hiyo hesabu, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kila herufi katika fonti ina upana wake, unaohesabiwa kwa sehemu za elfu moja za ukubwa wa fonti. Hii ni Helvetica. A kubwa ni 667, s ni 500, h ni 556, a ndogo ni 556. Asha jumla ni 2279. Zidisha kwa 28, gawanya kwa 1000, unapata pointi 63.8. Toa kwenye 842, gawanya kwa mbili: 389.1. Ndiyo ile namba mliyoiona pale juu.

Haya, mteja anasema mwenye cheti si Asha, ni Mwanaidi. Hesabuni nami: M 833, w 722, a 556, n 556, a 556, i 222, d 556, i 222. Jumla 4223, kwa pointi 28 ni 118.2. Ukibadilisha herufi peke yake ukaliacha jina lianzie pale pale, Mwanaidi atakuwa amesogea kulia kwa pointi 27, karibu sentimita moja nzima. Kwenye cheti chenye mstari wa nukta chini ya jina, sentimita moja inaonekana toka mlangoni. Mahali pake sahihi ni 361.9.

Ndiyo maana huwa nawaambia vijana, kabla hujabadilisha kitu, pima. Kama fundi wa nguo. Hajagusa mkasi bado, tepu iko shingoni.

Tarakimu zina nafuu yake. Katika Helvetica kila tarakimu, kuanzia sifuri hadi tisa, ina upana wa 556. Mwaka ukibadilika kutoka 2023 kuwa 2024 hakuna kitakachosogea hata unywele. Fonti nyingi za ofisini ziko hivyo, ili safu za hesabu zipangike. Lakini usishangilie mapema: ankara ya 950,000 ikiwa 1,250,000 imeongezeka tarakimu na mkato, na kwa sababu fedha hupangwa zikiegemea kulia, inakubidi uanze kuandika kushoto zaidi. Kwa ukubwa wa pointi 10 ni kama milimita tatu. Usipofanya hivyo, sifuri ya mwisho itapanda juu ya mstari wa jedwali, na mhasibu ataanza kuuliza maswali ambayo si ya mpangilio tena.

Niwaambie nilivyoanguka, maana mada hii sikuisoma kwenye kitabu.

Jaribio langu la kwanza, bado nipo Tanga, nilifungua PDF kwa Notepad. Nikatafuta jina la mteja. Halipo. Takataka tupu, alama za ajabu kurasa na kurasa. Sikujua kuwa zile amri za kuchora hubanwa kabla ya kuhifadhiwa. Siku nyingine likaja faili ambalo halikubanwa, nikaliona jina kwa macho yangu, nikalibadilisha, nikahifadhi, nikafungua. Faili limeharibika. Mteja amesimama mbele yangu ananitazama.

Kumbe mkiani mwa faili kuna jedwali la anwani. Kila kipande cha PDF kina namba, na jedwali linasema kipande fulani kinaanza kwenye baiti (kipimo cha faili, karibu sawa na herufi moja) ya ngapi kuhesabu toka mwanzo wa faili. Kila mstari wa jedwali hilo ni baiti 20 kamili, si 19 wala 21. Msomaji wa PDF huanza mkiani, anasoma jedwali, ndipo anaruka kwenda anakotaka. Mimi nilikuwa nimeongeza herufi nne katikati. Vyote vilivyofuata vikasogea baiti nne, na jedwali likabaki na anwani za jana. Ni kama mtu kajenga kibanda katikati ya mtaa, na dereva wa bodaboda bado anahesabu "nyumba ya saba toka barabarani".

Kuna kifaa kinaitwa qpdf. Ukikipa --qdf kinakufungulia faili lote lisomeke kama maandishi, na mwenzake fix-qdf anazirekebisha anwani ukishamaliza kuchokonoa. Ningekijua siku ile nisingerudisha elfu mbili ya watu.

Anguko la pili lilikuwa kubwa zaidi. Miaka michache iliyopita taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilinipa kazi ya vyeti vya mafunzo. Walikuwa na cheti kimoja kilichokamilika, cha PDF, na orodha ya majina mia tatu na kitu kwenye Excel. Aliyekibuni cheti alishaondoka na faili lake la asili. Nikaandika programu: ondoa jina lililopo, weka jipya kwa fonti ile ile iliyomo ndani ya faili, piga hesabu ya katikati. Nikajaribu majina kumi ya mwanzo. Safi. Nikaachia yote, nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi simu. Kuna mtu anaitwa Feli amekuja kuchukua cheti chake, na yeye anasema anaitwa Felix.

Hakuwa peke yake. Qassim alikuwa assim. Na wale wote wa Z walianza na kijisanduku kitupu. Orodha ilipangwa kialfabeti, mimi nilikuwa nimejaribu akina Abdallah na Adelina tu.

Hili ndilo lililotokea. Programu inayotengeneza PDF haiweki fonti nzima ndani ya faili. Inakata, inaweka yale maumbo ya herufi yaliyotumika tu, ili faili liwe dogo. Mtaitambua fonti iliyokatwa kwa jina lake: herufi kubwa sita, alama ya kujumlisha, ndipo jina lenyewe. Mafaili yatokayo Word utakuta kitu kama BCDEEE+Calibri. Sasa fikirini lugha yetu. Kiswahili sanifu hakina q wala x. Waraka wa Kiswahili kitupu, hata uwe na kurasa 50, fonti yake iliyokatwa haina sababu ya kubeba herufi hizo. Unaweza kuhariri mwaka mzima usigundue, mpaka Felix aje.

Dawa yake ni kuleta fonti kamili na kuipachika. Kama huna ile ya asili, usichukue yoyote inayofanana kwa macho. Chukua iliyotengenezwa kwa vipimo vile vile. Carlito ina upana wa herufi ule ule wa Calibri. Liberation Sans inalingana na Arial, Liberation Serif na Times New Roman. Zote ni za bure. Maumbo yatatofautiana kidogo, mpangilio hautatikisika. Na tangu siku ile nina majina yangu ya majaribio ambayo kila programu lazima iyapite kabla sijaiamini: Felix, Qassim, Zuwena, moja la herufi tatu, na moja refu la kumi na mbili kwenda juu.

Kwenye majaribio hayo lipo pia neno Ng'ambo. Ni kwa sababu ya barua fulani zilizokuwa na anwani ya Ng'ambo, Unguja. Programu yangu ilitakiwa ibadilishe anwani, ikatafuta, ikasema hakuna kitu. Nikaitazama barua: neno lile pale, naliona. Tatizo lilikuwa kile kikoma cha juu. Kibodi inaandika kilichonyooka, Word inakigeuza kimya kimya kuwa kilichopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili zisizojuana. Waingereza shida hii wanayo, lakini kwao ni alama ya kufupisha maneno. Kwetu ni sehemu ya herufi. Ng'ombe, ng'ambo, king'amuzi, majina ya watu kibao kutoka Usukumani. Ukitafuta kwa Kiswahili, tafuta kwa vikoma vyote viwili.

Ndugu yake ni "fi". Katika mafaili mengine, hasa yaliyotengenezwa kwa LaTeX, programu ya kupanga vitabu na makala, f na i zikikaribiana huchorwa kama umbo moja. Vifaa vingine vya kusoma hulifungua umbo hilo likawa herufi mbili, vingine haviwezi. Utatafuta "Ofisi ya Afisa Elimu" uambiwe hakuna, huku unaisoma.

Na hata herufi zikiwa za kawaida, neno linaweza kuwa vipande. Hapa ukutani, "Waziri" imeandikwa hivi:

[(W) 40 (aziri)] TJ

Hiyo 40 ni ya kuisogeza a iingie kidogo chini ya bawa la W, mwanya usionekane mkubwa. Uzuri wa macho. Lakini neno "Waziri" halipo tena ndani ya faili. Kuna W, kuna aziri. Zipo programu zinazoweka kila herufi peke yake na mahali pake, na nafasi kati ya maneno hazipo kabisa, zimerukwa tu. Kwa hiyo tafuta-na-badilisha mliyoizoea itafika hapa ikwame.

Basi nifanyeje? Mtasema huyu mzee anatutisha tu.

Kwanza kabisa, omba faili la asili. Nasema hivi nikijua mnatabasamu, lakini nusu ya kazi za kuhariri PDF ninazoletewa huisha kwa simu moja: "Aliyetengeneza yupo? Bado ana ile ya Word?" Mara nyingi anayo, hakuna aliyemuuliza. Unabadilisha pale, unatoa PDF mpya kwa LibreOffice bila hata kuifungua dirishani, imekwisha. Kwa vyeti vile mia tatu, nilichopaswa kufanya ni kukaa siku moja nitengeneze cheti kitupu kisicho na jina, kisha kila jina nilichore kwenye ukurasa wake mwembamba na kuulaza juu ya cheti. Kwa Python, maktaba ya reportlab inachora, ya pypdf inalaza. Kitu kisichoguswa hakiharibiki. Na kama waraka una visanduku vya kujaza, jaza visanduku. Viliwekwa kwa kazi hiyo.

Pale ambapo hakuna asili, na jina liko katikati ya maneno mengine, ndipo naingia na maktaba nyingine, PyMuPDF. Nauomba ukurasa unipe kila kipande cha maandishi pamoja na fonti yake, ukubwa, rangi, na ile sehemu ya mstari ambapo herufi zimekalia. Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Wanachukua pembe ya mstatili unaozunguka neno na kuandika humo, matokeo yake jina jipya linaelea juu kidogo ya majirani zake, kama mtu aliyesimama kwa vidole kwenye picha ya harusi. Andika palipokaliwa na herufi za zamani.

Kuondoa la zamani nako kuna adabu zake. Kuna amri, add_redact_annot, inayoweka alama pa kufuta, na apply_redactions inayofuta kweli. Ukiziacha zilivyo, zitakuchezea. Zitajaza rangi nyeupe pale palipofutwa, na kama cheti kina rangi ya maziwa au nembo hafifu nyuma ya maandishi, utakuwa na kiraka cheupe kama bandeji. Ziambie zisijaze. Zitatoboa pia picha iliyo chini ya neno, ziambie ziiache. Na zitafuta herufi yoyote ambayo mstatili umeigusa hata kwa ncha, kwa hiyo mistari ikiwa imebanana, unafuta jina na herufi za mstari wa juu zilizoguswa zinaondoka nalo. Mimi huupunguza mstatili juu na chini kabla ya kufuta.

Njia ya mkato mnaijua, na steshenari zote zinaitumia: chora mstatili mweupe juu ya jina, andika jingine juu yake. Kwa karatasi itakayochapwa na kugongwa muhuri, sina ugomvi nayo. Kwa faili litakalosafiri, acheni. Jina la zamani bado limo chini ya ile rangi. Ukilitafuta linapatikana, ukinakili maandishi yanatoka majina mawili. Mwaka 2019 mawakili wa Paul Manafort, yule aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha waraka mahakamani Marekani wenye mistari iliyopakwa weusi. Waandishi wa habari wakainakili mistari hiyo, wakaibandika kwingine, maneno yote yakajitokeza. Mawakili wakubwa hao, wa kulipwa vizuri.

Nikishamaliza, siamini macho yangu. Nageuza kurasa za kabla na za baada kuwa picha kwa kifaa kiitwacho pdftoppm, nukta 150 kwa inchi. A4 inatoka karibu pikseli 1240 kwa 1754. Kisha naiambia programu itoe picha moja katika nyingine. Kama kazi ni safi, ukurasa wote unabaki mweusi isipokuwa kijisehemu kimoja, pale jina lilipo. Kikitokea kingine chochote chenye kumeta, hata nukta, naenda kukitazama. Kwa vyeti mia tatu, hiyo ni kazi ya dakika chache za kompyuta, na kukisoma kijisehemu kile kungenionyesha Feli usiku ule ule. Nisingeonyeshwa na Felix mwenyewe.

Sasa niseme jambo ambalo najua limewakaa kooni baadhi yenu. Ujuzi huu ni wa kughushi pia.

Pale Tanga alikuja bwana mmoja na taarifa yake ya benki, anataka salio liongezewe tarakimu moja kwa ajili ya viza. Mjomba akavua miwani, akamwambia, "Mwanangu, sisi hapa tunatoa kopi ya pesa ulizonazo. Pesa zenyewe hatutoi." Yule bwana akacheka, akaondoka. Siku hizi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo kughushi kwa kompyuta imekutaja, kwa hiyo hata anayebonyeza hawezi kusema mimi nilitumwa. Mimi swali langu ni moja tu: aliyetoa waraka huu anajua kuwa unabadilishwa? Kama ni mwenye kutoa ndiye aliyenituma, tunaendelea. Kama si yeye, sigusi.

Na mwenye nia mbaya asidhani PDF haina kumbukumbu. Kiwango kinaruhusu kuhifadhi kwa kuongeza mkiani: mabadiliko yanaandikwa mwishoni pamoja na jedwali jipya linaloelekeza kwenye la zamani, na yaliyokuwapo yanabaki pale pale bila kuguswa. Mara nyingi ukikuta alama ya mwisho wa faili, %%EOF, zaidi ya mara moja, kuna historia humo. Kata faili kwenye alama iliyotangulia, toleo la zamani linafufuka na salio lake halisi. (Mafaili yaliyopangwa yafunguke haraka mtandaoni nayo huwa na mbili tangu kuzaliwa, msije mkamshika mtu bure.) Saini ya kidijitali inategemea hilo hilo: imebeba namba nne zinazosema inalinda baiti zipi, toka wapi mpaka wapi, na baiti moja ikibadilika humo ndani saini inavunjika. Waraka wenye saini, kama ni lazima kuongeza kitu na umeruhusiwa, ongeza mkiani. Ukiuandika upya wote, umeua saini hata kama hujagusa herufi.

Skani sijazisahau. Hizo si maandishi, ni picha ya karatasi, na kila nilichosema juu ya fonti na amri hakihusu. Hata picha si ya kuaminiwa kila mara: mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kuwa mashine fulani za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani, 6 ikawa 8, kwa sababu njia ya kubana picha iliona maumbo mawili yanafanana ikatumia moja mara mbili. Mtu anaskani ramani ya nyumba, chumba kinabadilika ukubwa. Mkiletewa skani, mwambieni mteja bei nyingine.

Na kwa wenzangu wa Pwani na Visiwani wenye vyeti vyenye majina kwa herufi za Kiarabu: herufi hizo hubadilika umbo kutegemea jirani yake, na amri ya kawaida ya kuandika haijui hilo. Itakuwekea herufi zimeachana, kila moja kivyake, na huenda zikaanzia upande usio wake. Katika PyMuPDF tumieni insert_htmlbox, inaunganisha kama inavyotakiwa. Halafu mwonyesheni anayesoma Kiarabu kabla ya kuchapa. Mimi siku ya kwanza nilimwonyesha dereva.

Kuna swali lilitumwa kabla, kwamba kwa nini nisigeuze PDF iwe Word, nihariri, nirudishe. Unaweza. Mgeuzaji atakisia aya ziko wapi, kwa kuwa ndani ya faili hazimo, na kwa barua ya ukurasa mmoja hukisia vizuri. Mpe jedwali la ankara au safu mbili za maandishi, uone. Kwa kazi iliyosemwa "vingine viache kama vilivyo", hiyo njia inagusa kila kitu ili ubadilishe kimoja.

La mwisho ni la leseni, kwa wale wanaouza. PyMuPDF na iText ziko chini ya leseni huria iitwayo AGPL: ukiziweka kwenye bidhaa yako, ama unafungua msimbo wako, ama unanunua leseni. pypdf, pikepdf, PDFBox na pdf-lib zina masharti mepesi zaidi. Someni kabla, si baada ya mteja kulipa.

Naona chai inaingia. Nina kompyuta yangu hapa na waya wa projekta kama utakubali kushika. Mwenye faili lake lililomshinda alete, tulifungue wote tulione, ila kama ni taarifa ya benki, nitakuuliza lile swali langu kwanza.